Ngome Kongwe ya Zanzibar: Funzo kwa Mwanafunzi wa Kakamega

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kuwa utendaji huhitaji fanani, hadhira na mahali. Mambo mawili ya kwanza hujadiliwa kwa kina, ilhali la tatu aghalabu hupitwa kwa sentensi moja. Ziara katika Ngome Kongwe, karibu na bustani ya Forodhani mjini Zanzibar, hudhihirisha upungufu huo.

Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kushindwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 iligeuzwa gereza. Miaka ya 1990 ulijengwa ndani yake ukumbi usio na paa, wenye ngazi za kukalia zinazolikabili jukwaa. Tamasha la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, na lile la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, ndiyo yaliyoutangaza ukumbi huo ulimwenguni.

Taarabu huonyesha vyema uzito wa mahali. Mshororo wa fumbo unapomgusa msikilizaji, yeye huinuka, huenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji na kumtunza fedha mbele ya watu. Kwa kitendo hicho, hadhira hutamka bila kusema neno. Njia ya kulifikia jukwaa ikizibwa, sehemu ya maana ya wimbo hupotea.

Kakamega nako kuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, huandamana na pembe ya swala na njuga za chuma, huku wanaume na wanawake wakicheza kwa safu zao. Uwanja wake wa asili ni ua wa harusi, mazishi au uzazi, ambako mpaka wa fanani na hadhira ni mwembamba. Mwaka 2014, UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Isukuti inapopelekwa jukwaani huweza kudumu, lakini huachana na tukio lililoizaa.

Hivyo basi, mtafiti anayenukuu maneno ya wimbo pekee hurudi na nusu ya kazi. Sharti achore pia ua, aonyeshe nani alisimama wapi na nani aliruhusiwa kuingia. Wazee wanaoyajua hayo wanapungua, na ua haunukuliki wenyewe.