Kubisha: Mwendo wa Chombo Upepo Ukiwa Usoni

Mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma, mashua ya tanga inayotoka Dar es Salaam kwenda Unguja hukutana na upepo usoni. Nahodha haelekezi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, moja kwa moja Unguja. Huenda mshazari upande wa kulia, akageuza, akaenda mshazari upande wa kushoto, tena na tena mpaka afike. Mwendo huo una jina lake baharini: kubisha.

Walio mbali na pwani wanalijua neno hili zaidi kwa maana nyingine. Mgeni hubisha hodi. Asiyekubali anachoambiwa hubisha, na akizidi huitwa mbishi. Maana ya mabaharia haisikiki sana bara, ingawa inaeleza jambo ambalo “kupindapinda” na “kukata kona” hayalifikii. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto inapindapinda kwa sababu ya mlima. Chombo hubisha kwa sababu moja tu: upepo unatoka kule kinakokwenda.

Hakuna tanga linaloweza kukipeleka chombo moja kwa moja upepo unakotoka. Likitazamana na upepo hupepea tu, na chombo hupoteza mwendo. Likitegwa kwa pembe, upepo hukisukuma chombo kwa ubavu na mbele kwa pamoja. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo ulio majini, hukizuia kisiende upande, basi kinasonga mbele. Kuukaribia upepo kadiri tanga linavyoruhusu ndiko kwenda joshi. Anayebisha huenda joshi upande huu, kisha upande ule.

Kazi kubwa iko kwenye kugeuza. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning’inizwa mlingotini, na kila chombo kinapogeuzwa, foromali na tanga lake huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti. Farumi nayo huhama: mabaharia huinua viroba vya mchanga na kuvipanga upande wa upepo ili chombo kisilale. Katika mashindano ya mashua ya Lamu, baadhi yao hukaa juu ya ubao uliotokeza nje ya ubavu, miili yao ikiwa uzani wa ziada. Wakichelewa kuhama, mashua hulala na mwendo hupotea.

Taabu hiyo inasaidia kueleza biashara ya zamani. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka pwani kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi kwa kusi kuanzia Aprili. Kubisha njia nzima kungewachosha watu na kuchakaza matanga, kwa hiyo wafanyabiashara walikaa miezi Mombasa au Zanzibar wakisubiri upepo ugeuke. Kubisha kulifaa zaidi safari fupi na kuingia bandarini.

Siku hizi boti ya mashine hukata bahari moja kwa moja hata upepo ukiwa mbele, lakini wavuvi wa ngalawa na manahodha wa Lamu bado wanabisha. Neno lao linawafaa pia waandishi wa habari na wa hadithi. Ukiandika kwamba mashua “ilipindapinda mpaka Manda”, umetaja njia tu. Ukiandika kwamba “ilibisha mpaka Manda”, msomaji wa pwani ameshajua upepo ulitoka wapi, kwa nini safari ilichukua muda na mabaharia walifanya kazi gani njiani.