Waya mmoja nyuma ya cheti cha mahindi

KAMPALA. Lori la mahindi likiondoka Kisenyi kwenda Busia hubeba, pamoja na magunia, karatasi yenye namba inayoogopwa kuliko ushuru: kiasi cha sumukuvu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, cheti cha kipimo kikiwa mojawapo.

Wafanyabiashara wanaijua namba hiyo. Wachache wanajua inavyofika kwenye cheti.

Maabara za Shirika la Viwango la Taifa la Uganda (UNBS) ziko Bweyogerere, kando ya barabara ya Jinja. Zipo pia za binafsi. Mahali ambapo mashine ya kupimia haijaunganishwa na kompyuta, fundi husoma namba kwenye kioo na kuiandika daftarini, kisha mwingine huichapa. Nukta ikiruka, 9.5 inakuwa 95, na shehena safi inalala mpakani huku dereva akila posho ya mwenye mali. Kosa likienda upande wa pili anaumia mlaji, jambo ambalo sokoni halizungumzwi sana.

Dawa ya hilo ni waya wa Etheneti, ule ule unaochomekwa kwenye ruta ya dukani. Mashine nyingi za kisasa zina tundu lake mgongoni. Lakini kuchomeka peke yake hakutoshi. Mashine na kompyuta kila moja hupewa anwani, mathalani 192.168.1.50 na 192.168.1.10. Katika mtandao mdogo wa kawaida, mafungu matatu ya mwanzo yafanane, la mwisho litofautiane. Zikipewa anwani moja ni kama nyumba mbili zenye namba moja mtaani: mleta barua hajui abishe wapi. Fundi hujaribu kwa amri ya ping; kompyuta inaita, mashine inaitika. Kimya kikitawala, mara nyingi anwani imekosewa, waya umelegea, au programu ya ulinzi ya kompyuta imefunga njia. Waya wenyewe usizidi mita 100. Maabara makini huitenga mashine na mtandao wa ofisi, virusi vya barua pepe visiifikie.

Waya, hata hivyo, hausafishi sampuli mbaya. Sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja chafu, jirani yake safi. Anayechota konzi mbili kwenye gunia la mlangoni atapata namba iliyosafiri vizuri lakini isiyohusu lori lake. Bambo lichomwe magunia mengi, ya juu, ya katikati na ya chini, kisha yote yachanganywe.

Akichukua cheti, mfanyabiashara alinganishe namba ya sampuli na ile ya risiti ya mapokezi. Kompyuta iliyounganishwa na mashine huhifadhi tarehe na saa ya kila kipimo, na maabara inaweza kuombwa kumbukumbu hiyo kabla lori halijafika Busia.