Mwanao akikuomba kostiki soda ya mradi wa sayansi

Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha tatu aliniomba vitu viwili: fungu la katani na kostiki soda. Katani haikunipa shida. Kostiki soda ndiyo iliyonishtua. Nikamwambia, "Kaa kwanza, mwanangu, unieleze."

Kumbe kikundi chao kinataka kuchanganya katani na plastiki ya maji, ile inayogandishwa kwa dawa, wapate kibao chepesi lakini kigumu. Si mchezo wa watoto. Hata Mercedes-Benz imewahi kutumia katani kwenye paneli za milango ya magari yake.

Shida ni kwamba katani hupenda maji na plastiki huyakataa, kwa hiyo hazishikani vizuri. Ukikikunja kibao, nyuzi zinachomoka. Uzi wa katani una nta kwa juu, na ndani una lignini, gundi ya asili inayobana nyuzi ndogondogo. Kostiki soda iliyoyeyushwa huondoa nta na sehemu ya gundi hiyo. Uzi unabaki na uso wa kukwaruza, plastiki inapata pa kushika. Ni jambo la zamani: Mwingereza John Mercer alipata hataza ya kutibu pamba kwa dawa hiyohiyo mwaka 1850.

Kipimo kinachotumika sana ni takriban gramu 5 katika kila gramu 100 za mchanganyiko. Ukizidisha, uzi wenyewe unaliwa na kuwa dhaifu kuliko mwanzo. Baadaye husuuzwa mara nyingi na kukaushwa kabisa, maana unyevu huacha viputo ndani ya plastiki.

Sasa, mzazi mwenzangu, dawa inayokula gundi ya mkonge hula pia koo na macho ya mtoto. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Ni kostiki inayotiwa kwenye maji kidogokidogo. Kumwagia maji juu yake huifanya ichemke na kuruka. Ikimpata mtoto jichoni au kwenye ngozi, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka angalau dakika 20, kisha hospitali. Akimeza, usimtapishe, kimbia naye hospitali.

Tulikubaliana hivi: kostiki ibaki maabara, chini ya mwalimu, kwa glavu na miwani. Nyumbani anachana na kukausha tu. Kamba yangu ya kuanikia nguo imejaa katani, na kanga zangu zimehamia uani kwa jirani.