Kompyuta ya Injini na Namba za Nguvu

Mwaka 1989 Nissan ilizindua Skyline GT-R na kutangaza kwamba ina nguvu za farasi 280. Katika miaka iliyofuata Toyota Supra yenye turbo, Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI zilifika kwenye 280, moja baada ya nyingine, zikagota hapohapo. Haikuwa sadfa. Watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano yasiyo rasmi ya kutotangaza gari la soko la ndani lenye nguvu zaidi ya hizo, na mapatano hayo yalivunjika mwaka 2004 Honda ilipoleta Legend ya farasi 300. Baadhi ya magari hayo, yalipopandishwa kwenye mashine ya kupimia, yalionyesha nguvu kubwa kuliko zilizoandikwa kwenye vitabu vyake.

Nguvu zinazotangazwa na nguvu zinazopimwa ni mambo mawili, na hilo linamhusu sana mwenye Subaru au Golf wa Nairobi au Dar es Salaam anayeahidiwa farasi 40 zaidi kwa kubadilishiwa programu ya injini. Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Shida ni kwamba namba hiyohiyo inaweza kuchapishwa kwenye karatasi hata kama nusu ya farasi hao hawapo.

Ndani ya kompyuta ya injini kuna majedwali. Jedwali la taimingi lina mizunguko ya injini upande mmoja na mzigo upande wa pili, na kila kisanduku kinaeleza plagi itoe cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huwasha petroli mara 200 kila sekunde, na muda wote huo kompyuta inasoma sensa za hewa, joto na kasi, inatafuta kisanduku kinachohusika na kutoa amri. Jedwali jingine huamua nozeli zimwage petroli kiasi gani. Kwa kawaida gramu 14.7 za hewa huchomwa na gramu 1 ya petroli, lakini turbo inaposukuma kwa nguvu zote petroli huongezwa hadi uwiano uwe kati ya 11 na 12 kwa 1, ili ile ya ziada ipunguze joto ndani ya silinda. Jedwali la tatu hupanga turbo ipulize kwa mgandamizo gani.

Katika mifumo ya zamani, kama Bosch Motronic iliyoanza kwenye BMW 732i mwaka 1979, kubadilisha programu kulimaanisha kufungua kisanduku cha kompyuta na kuweka chipu nyingine. Siku hizi, kwa magari mengi, fundi huchomeka waya kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, husoma majedwali kwenye laptopu, huyahariri na kuyarudisha.

Nafasi ya kuongeza nguvu ipo kwa sababu kiwanda huacha akiba. Gari la aina moja litauzwa jangwani na kwenye theluji, litawekewa petroli duni, litacheleweshewa sevisi, na bado lazima litimize sheria za moshi na lidumu hadi dhamana iishe. Wakati mwingine akiba ni ya kibiashara: Ford iliuza injini yake ya EcoBoost ya lita 1.0 kwa nguvu za farasi 100 na pia 125, tofauti kubwa ikiwa kwenye programu.

Kwa gari lililotoka Japani, hata hivyo, akiba hiyo huenda imeshaliwa. STI ya soko la Japani iliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo vituo vya huko huiuza ikiwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Oktani ikipungua, sehemu ya mchanganyiko iliyobaki pembeni ya silinda hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na injini hugonga. Sensa iliyofungwa kwa boliti kwenye bloku husikia mtetemo huo, na kompyuta hurudisha taimingi nyuma ili kuinusuru injini. Fundi anayesogeza taimingi mbele na kupandisha turbo bila kufuatilia sensa hiyo anacheza na pistoni za mteja. Subaru EJ25 ya turbo inafahamika kwa udhaifu wa kuta nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni, na kugonga kukali kwa muda mfupi tu kunaweza kuzivunja.

Baada ya kuhariri huja kupima. Gari hupandishwa kwenye daino, mashine yenye roli nzito za chuma sakafuni, na kufungwa kwa mikanda. Feni kubwa huwekwa mbele ya rejeta. Fundi huingiza gia ambayo uwiano wake unakaribia 1 kwa 1, mara nyingi ya nne, huanzia mizunguko 2,000, kisha hukanyaga mafuta hadi chini mpaka 6,500. Mashine inajua uzito na umbo la roli zake, kwa hiyo hukokotoa nguvu kutokana na jinsi zinavyoongeza kasi.

Inachopata ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na toki ikizidishwa kwa mizunguko ndiyo huleta farasi. Nyutoni-mita 350 kwenye mizunguko 4,000 ni kilowati 147, karibu farasi 199. Toki hiyohiyo ikishikiliwa hadi mizunguko 5,500 inakuwa farasi 274. Ndiyo maana fundi mzuri hahangaikii kilele kimoja cha grafu. Anatazama mstari mzima, hasa pale toki inapoanza kuporomoka.

Hapa ndipo karatasi inapoweza kupotosha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni takriban kilopaskali 83, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na turbo hupoteza huko juu karibu asilimia 18 ya nguvu zake. Ili matokeo ya miji tofauti yaweze kulinganishwa, daino huzidisha kipimo kwa kigezo cha marekebisho. Kwa kanuni ya SAE J1349 ya Marekani, inayochukua hewa kavu ya kilopaskali 99 na joto la nyuzi 25 kuwa ndiyo kawaida, kigezo cha Nairobi ni karibu 1.24. Farasi 200 waliopimwa huchapishwa kuwa 248. Kwa Toyota isiyo na turbo marekebisho hayo ni ya haki. Kwa Impreza ni nyongeza ya bure, kwa kuwa turbo yake huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana.

Nyongeza nyingine hutokana na kukisia. Daino hii hupima kwenye magurudumu, na nguvu fulani huwa zimeshapotea ndani ya giaboksi na shafti. Kuongeza asilimia 15 au 20 ili kupata nguvu za injini yenyewe ni makisio, na kila anayekisia huchagua asilimia yake.

Ushahidi safi ni tofauti kati ya vipimo viwili: gari moja, daino moja, siku moja, gia moja, upepo wa tairi uleule, kabla na baada ya programu mpya, namba zikiwa ghafi. Kila upande urudiwe angalau mara tatu. Intakula ya Impreza, yaani kipozea hewa ya turbo, imelala juu ya injini, na baada ya vipimo viwili mfululizo bila kupumzika huwa imepata moto kiasi cha kushusha nguvu, hivyo muda wa kupoa nao lazima ulingane.

Kipimo kama hicho hutenganisha ongezeko la kweli na kuyumba kwa vipimo vya mashine. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi, hutoa karibu farasi 110. Haina turbo ya kupandishwa, kwa hiyo programu peke yake huiongezea farasi wachache, na hata daino nzuri hutofautiana kwa asilimia moja au mbili kati ya kipimo na kipimo. Farasi 3 hapo hawathibitiki. Kwenye injini ya kisasa ya turbo, ongezeko la asilimia 20 linaonekana wazi hata kwa macho.

Asiye na daino karibu anaweza kutumia saa na uwanja uliofungwa, tambarare na salama. Gari la kilo 1,500 likitoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa ndani ya sekunde 5.0, limepokea wastani wa kilowati 93 juu ya zile zilizoliwa na upepo na tairi. Likitumia sekunde 4.3, ni kilowati 108. Tofauti ni kilowati 15, sawa na farasi 20, mradi njia, uzito na hewa viwe vilevile.

Hewa ikibadilika, programu nayo hujaribiwa. Vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ikiwa imepangwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi, bila mfumo wa kuirekebisha kulingana na mgandamizo halisi, turbo itapuliza kupita kiasi gari likifika Mombasa, na joto la pwani litaongeza hatari ya injini kugonga. Kwa hiyo fundi makini huweka kikomo cha mgandamizo kwenye programu, hutunza nakala ya programu ya kiwandani, na humwagiza mteja arekodi taimingi, mgandamizo na sensa ya kugonga katika safari yake ya kwanza ya pwani. Rekodi hiyo ikirudi gereji, visanduku vilivyoonyesha kugonga hurekebishwa kimoja kimoja.