Mkimbiaji wa Mwisho Asiachwe Peke Yake

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawahusu wale wanaoamka alfajiri, wakavaa raba na kuingia barabarani kukimbia. Katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na kwingineko Temeke na Kinondoni, vikundi vya jogingi ni jambo la kawaida asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Wanavaa fulana za rangi moja, wana viongozi wao, na wanaimba nyimbo za kuitikiana kama zile za mchakamchaka wa shuleni. Vikundi vingine hutembelea wagonjwa na kufarijiana wakati wa msiba. Hayo ni mambo mema. Je, tutiane moyo namna gani ili anayeanza leo awe bado anakimbia mwakani, tena bila kuumia?

Kwa nini tukimbie pamoja?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Au mazoezi mazito, kama kukimbia, kwa dakika 75 hadi 150. Mazoezi hayo husaidia kushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari, huimarisha moyo na kuleta usingizi mzuri. Lakini faida hizo haziwekwi akiba. Ukiacha kwa wiki kadhaa, zinaanza kupungua. Kwa hiyo anayekimbia kidogo kila wiki hupata faida kuliko yule aliyekimbia kilomita kumi siku moja, akaumwa magoti na asirudi tena. Na mara nyingi kinachomtoa mtu kitandani ni kujua kwamba kuna mwenzake anayemsubiri kona ya mtaa.

Anayeacha ni nani?

Mara nyingi ni mgeni: mama mwenye mwili mkubwa, mzee aliyestaafu, au kijana aliyetoka kuugua. Siku ya kwanza alikimbia na wenzake mita mia chache, kikundi kikampita, akabaki peke yake huku watoto wa mtaani wakimcheka. Mtu huyo hakukosa nia. Alikosa mwenzake wa kwenda naye. Basi kila kikundi kichague mtu mmoja mwenye nguvu na subira, awe wa mwisho siku zote. Kazi yake ni kukaa na aliyechoka, kutembea naye akitembea, na kuhakikisha amefika. Mgeni aanze kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa dakika ishirini hivi. Mwendo huo si aibu. Mwili unahitaji majuma kadhaa kuzoea.

Wimbo ni kipimo

Nyimbo zetu zina faida nyingine ambayo wengi hawaitambui. Mtu anayekimbia kwa kiasi anaweza kutamka sentensi fupi bila kukatika pumzi. Kiongozi akianzisha wimbo na mtu akashindwa hata kuitikia maneno manne au matano, basi amezidisha mwendo. Apunguze. Kiongozi naye asikilize sauti za nyuma: zikififia, mwendo umewazidi watu wake.

Kutia moyo si kumsukuma mtu

Wengi wetu tumesikia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani na kuumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea. Wakimbiaji 75 walianza na 57 wakamaliza. Yeye alikuwa wa 57. Alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na watu waliokuwa wamebaki uwanjani wakamshangilia. Tuwaige watu wale: walibaki, wakampigia makofi wa mwisho. Lakini tusiichukue habari hiyo kuwa amri ya kumburuza mgonjwa. Yeye alikuwa mwanariadha wa taifa aliyejiandaa kwa mashindano makubwa. Sisi tunakimbia ili turudi nyumbani salama.

Mwenzako akisema kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, anaona kizunguzungu, au anahema kupita kawaida, usimwambie ajikaze. Msimamisheni, mketisheni kivulini, na mpelekeni hospitali mara moja. Akianza kuchanganyikiwa kwa sababu ya joto, mpozeni kwa maji mwili mzima huku mkitafuta usafiri.

Kabla ya kuanza

Mwenye umri mkubwa, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, wapite kwanza kituo cha afya wapimwe na kushauriwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari achukue pipi au glukosi mfukoni, na mwenzake mmoja ajue hali yake. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani. Mwenye selimundu asikimbie hadi kuishiwa nguvu, na anywe maji mara kwa mara.

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam ni kali, kwa hiyo malizeni mapema kabla jua halijapanda. Chagueni barabara za ndani zisizo na magari mengi. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kaeni upande wa kulia mkitazama magari na bodaboda zinazowajia, na vaeni nguo za rangi inayoonekana gizani.

Mwisho, kila kikundi kiwe na daftari la majina. Mtu asipoonekana mara mbili, mmoja ampigie simu au apite nyumbani kwake. Asiulizwe kwa nini amekuwa mvivu. Aulizwe hali yake. Huenda anaumwa, ana mgonjwa, au ameona haya kurudi. Mwambieni kwamba nafasi yake ipo, na kwamba Jumamosi ijayo yupo wa kukimbia naye nyuma.