Moyo Unaowaka Upesi, na Darasa la Kuutuliza

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao nyumbani wengi huuita ukorofi, wengine pepo. Asubuhi mtu anakupenda, jioni umekuwa adui yake. Ukichelewa kurudi kwenye mgao, anaona umemtupa. Moyo wake huwaka upesi na kupoa taratibu, na wengine hufikia kujiumiza mwilini au kutaka kufa. Madaktari huuita bodalaini, yaani mpakani. Jina hilo lilianza mwaka 1938, walipodhani wagonjwa hawa wako mpakani kati ya wasiwasi na wazimu. (Si mpaka ule tuliouvuka siye na mizigo kichwani!) Siku hizi hawaamini hivyo tena, ila jina limebaki.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliwakatia tamaa watu hawa. Ndipo akatokea Bi. Marsha Linehan wa chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, na tiba inayoitwa DBT. Mgonjwa huonana na mshauri peke yake, tena kila juma huingia kikundi kwa saa mbili na zaidi. Uchunguzi wake wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wanawake waliotibiwa hivyo mwaka mzima walipunguza kujiumiza.

Sasa, kikundi hiki siyo kile tunachokiogopa, cha kukaa duara na kumwaga siri mbele ya majirani. Ni darasa kabisa. Kwanza hukaguliwa kazi za nyumbani, halafu somo jipya. Mnajifunza kutuliza akili ibaki hapa ulipo, kuvumilia dhiki bila kuiongeza, kuzitawala hisia, na kuomba au kukataa kitu bila kuvunja urafiki. Habari za kujiumiza hazisimuliwi pale, maana zinaweza kumwamsha mwingine. Yanayosemwa hayatoki nje. Na ukikosa majuma manne mfululizo, basi, umetoka.

Mwaka 2011 Bi. Linehan alisimulia hadharani kwamba alipokuwa na miaka 17 yeye mwenyewe alilazwa zaidi ya miaka miwili kwa sababu ya kujiumiza. Aliyasema katika hospitali ile ile alikolazwa.

Kwa wazazi, liko fundisho moja linalofaa hata kama kikundi hakipo karibu. Mtoto akilia, "Hakuna anayenipenda," usikimbilie kumjibu, "Mbona tunakulisha?" Anza na, "Naona umeumia sana, mwanangu." Hapo hujakubali kwamba hapendwi, wala hujamsifia fujo. Umekubali tu kwamba anaumia, jambo ambalo ni kweli. Moto ukipungua ndipo muongee habari ya sahani alizovunja.

Lakini akitaja kufa, msingoje. Msimwache peke yake hata usiku, ondoeni visu na dawa karibu naye, mpelekeni hospitali ya kambi na kumweleza muuguzi waziwazi alichosema.