Dhoruba Ilianza Saa Ngapi?

Mgomba ukiangushwa na upepo hauna siri. Shina lake ni maganda ya majani yaliyoviringana, yamejaa maji, na mizizi yake haikwenda chini sana. Mkungu ukikomaa, uzito wote unakaa juu. Upepo wa ghafla ukiupiga, mgomba hulala kuelekea kule upepo ulikokuwa ukienda, na hubaki hapo mpaka mwenye shamba aje na panga. Kwa hiyo anayepita mashambani Nyamira asubuhi baada ya dhoruba, tuseme kutoka Manga hadi Kebirigo, anaweza kusoma njia ya upepo kama mchungaji anavyosoma nyayo za ng'ombe kwenye tope. Shamba moja migomba yote imelala upande mmoja. Shamba la pili imelala kama miale ya jua, kila mmoja umeupa mgongo uwazi ulio katikati. Hapo katikati ndipo hewa baridi ilipoporomoka kutoka winguni, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote.

Aliyeufanya ulazo wa miti kuwa ushahidi wa kisayansi ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa mara ya kwanza aliiona miti iliyolala kwa mtindo wa miale huko Nagasaki mwaka 1945, baada ya bomu la atomiki. Mwaka 1974 aliporuka kwa ndege juu ya misitu ya Marekani iliyopigwa na dhoruba, aliuona mtindo ule ule, na safari hii hapakuwa na bomu. Mwaka uliofuata ndege ya abiria ilianguka New York ikijaribu kutua wakati wa mvua ya radi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Fujita alikusanya kumbukumbu za ndege zilizotangulia kutua, akazipanga dakika kwa dakika, akaonyesha kwamba hewa iliyoshuka kwa nguvu kutoka wingu moja ndiyo iliyoibamiza ndege ile chini.

Migomba ya Gusii, yaani nchi ya Kisii na Nyamira, inaweza kueleza upepo ulikotoka na ulikokwenda. Haiwezi kueleza saa. Na saa ndiyo mtafiti wa dhoruba za milima hii anayoihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Lakini kabla ya saa, kwanza jina la dhoruba yenyewe. Kenya, upepo ukiezua mapaa ya shule, habari zinaenea kwamba "kimbunga" kimepita. Kwa maana ya wataalamu wa hali ya hewa, kimbunga halisi hakijawahi kuzaliwa juu ya Kisii wala hakitazamiwi. Kimbunga cha bahari huhitaji vitu viwili: maji ya bahari yenye joto, na mzunguko wa dunia wa kuupinda upepo hadi uzunguke kama maji kwenye tundu la sinki. Nguvu hiyo ya kupinda ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyoiacha. Ndiyo maana vimbunga ni adimu mno ndani ya nyuzi tano za ikweta. Dhoruba Vamei ya Desemba 2001, iliyozuka karibu na Singapore kwenye nyuzi kama moja na nusu tu kaskazini, bado inasimuliwa na wanasayansi kwa mshangao. Mji wa Kisii uko chini ya nyuzi moja kusini, tena mbali na bahari.

Pwani ni habari nyingine. Unguja ilipigwa Aprili 15, 1872. Mikarafuu ya kisiwa hicho iliangamia, na merikebu za Sultani Barghash zikaharibika bandarini. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia wakati Kenya nzima ilikuwa tayari imelowa kwa mafuriko yaliyoua karibu watu 300.

Hata hivyo, mkono wa vimbunga hivi unafika Gusii bila vyenyewe kufika. Kwa kawaida mvua ya masika Afrika Mashariki huja na pepo za kutoka Bahari ya Hindi. Lakini kuna siku upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, kutoka misitu ya Kongo, ukiwa umejaa unyevu. Mwaka 2020 mtafiti Declan Finney na wenzake walionyesha kwamba siku hizo za upepo wa magharibi ni siku za mvua nyingi, na kwamba kimbunga kikikaa mahali panapofaa kusini mwa Bahari ya Hindi, hasa mashariki ya Madagascar, huuvuta upepo huo kama mtu anayevuta pazia. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na Kenya ikapata masika ya mafuriko. Machi 2019 Idai ilikuwa ng'ambo ya pili, kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji; ikaiangamiza Beira, na Kenya ikasubiri mvua iliyochelewa huku mahindi yakingoja kupandwa. Mkulima wa Nyamira aliyekuwa akitazama mbingu tupu mwaka ule alikuwa akitazama, bila kujua, mgongo wa dhoruba iliyokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwake.

Hizo ni dhoruba za mbali. Dhoruba ya nyumbani ina ratiba yake, na ni ratiba ya kustaajabisha.

Alfajiri, Gusii imetulia. Ukungu umelala mabondeni, na kama kuna radi inamulika mbali upande wa magharibi, iko juu ya Ziwa Victoria. Kufikia saa nne asubuhi jua limeipasha nchi kavu joto kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza pengo kupitia Homa Bay na Kendu Bay. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira vinapita mita 2,000. Upepo wa ziwani hauna budi kupanda, na hewa inayopanda hupoa nyuzi moja hivi kwa kila mita 100. Hewa yenye unyevu wa ziwa zima inafika Kisii imeshapoa nyuzi tano au sita, inakaribia kugeuka wingu. Hapo inakutana uso kwa uso na upepo wa mashariki unaovuka kutoka upande wa Bonde la Ufa. Pepo mbili zikigongana hazina pa kwenda ila juu.

Ndiyo sababu wenyeji hawahitaji kuambiwa mvua itakuja lini. Saa saba mchana mawingu meupe yanarundikana juu ya Manga. Saa nane matumbo yake yanakuwa meusi. Halafu, dakika chache kabla ya tone la kwanza, linakuja wimbi la baridi: vumbi linapaa stendi ya matatu, mama anayeuza nyanya anakamata turubai kwa mikono miwili, na waendesha bodaboda wanakimbilia vibarazani. Baridi hiyo ndiyo ile hewa iliyoporomoka, inatangulia mbele ya mvua. Kisha mabati yanaanza kulia.

Wakazi wa mitaa ya Kisii wanajua kinachofuata. Mji umejengwa kwenye miteremko, na Mto Nyakomisaro unapita bondeni katikati yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita nane kwa kumi likinyeshewa milimita 40 linatema lita 3,200, sawa na mapipa 16 makubwa. Hekta moja ya mapaa na lami inatema lita 400,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikinywewa na udongo wa mashamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, na msongamano wa namna hiyo maana yake ni paa baada ya paa. Maji yanayoteremka kuelekea soko la Daraja Mbili hayana mahali pa kutua.

Na hapa ndipo saa inapokuwa suala la maisha na mali. Milimita 40 zilizonyesha taratibu mchana na usiku kucha ni baraka: chai inashukuru, visima vinajaa. Milimita zile zile zikishuka kwa dakika 40, ni sawa na milimita 60 kwa saa, na mtaro uliojaa mifuko ya plastiki na magunzi ya mahindi hauwezi kuzibeba. Lakini kipima mvua cha kawaida, ule mtungi unaosimama uani shuleni au kwenye kiwanda cha chai, husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Siku mbili zisizofanana hata kidogo zinaandikwa daftarini kwa tarakimu moja: 40. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za miaka mingi za nchi hii iko hivyo, imejaa kiasi na imepungukiwa wakati. Mhandisi anayetaka kujua daraja lijengwe na upana gani anahitaji hasa kile ambacho daftari halikukiandika.

Watafiti wanalijaza pengo hilo kwa njia kadhaa. Angani, setilaiti za Meteosat zimekuwa zikiipiga Afrika picha kila baada ya dakika 15, na kizazi kipya kilichorushwa Desemba 2022 kinapiga kila dakika 10, tena kina jicho maalumu la kuhesabu mimweko ya radi. Mpango mwingine ulioanza Februari 2014 unakadiria mvua ya dunia karibu yote kila nusu saa. Kasoro yake ni ukubwa wa miraba. Kila mraba una upana wa kilomita kama 11, kiasi kwamba Kaunti nzima ya Kisii inaingia katika miraba kama kumi na mmoja tu, ilhali wingu la Gusii linaweza kuilowesha Keroka na kuiacha kavu barabara ya kilima kinachofuata. Chini ardhini, mradi wa TAHMO umesimamisha vituo vidogo vinavyojiendesha barani Afrika, vingi vikiwa shuleni, vinavyorekodi kila dakika tano.

Kwa mafuriko ya mjini kuna ushahidi mwingine, ambao watu wa kawaida wanao mfukoni. Picha ya simu hubeba saa na dakika ndani yake. Kamera ya duka inaonyesha maji yalipofika ngazi ya kwanza na yalipofika ya pili. Saa ya ukutani inayotumia umeme hukoma nguvu zinapokatika. Alama ya tope ukutani inaeleza maji yalipanda hadi wapi, mradi ipimwe kabla mwenye nyumba hajaisugua. Ukivipanga vyote kwenye mstari mmoja wa wakati, unaanza kuona kitu ambacho hakuna shahidi mmoja aliyekiona: upepo ulifika lini, mvua ilikolea lini, na mto ulichukua dakika ngapi kutoka hapo hadi kupanda kingo. Tofauti hiyo ya dakika ndiyo muda wote ambao mfanyabiashara wa sokoni angekuwa nao wa kunyanyua magunia yake, laiti angepewa taarifa.

Mvua ya mawe inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo inayowaumiza wakulima wa chai wa Nyamira. Nyanda hizi, pamoja na Kericho na Nandi, zinatajwa miongoni mwa mahali pa duniani panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1960 huko Kericho ilijaribiwa dawa ya mawingu, kwa maroketi na kwa ndege zilizopuliza iodidi ya fedha. Mwaka 1982 mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha matokeo yasiyotarajiwa: takataka za majani chai yaliyooza shambani zina chembe zinazosaidia maji kuganda. Vumbi linalotimuliwa na wachumaji likipanda na hewa ya mchana, linaweza kuwa ndiyo mbegu ya barafu inayorudi kuyapasua majani yale yale.

Jua likizama mambo yanapinduka. Milima inapoa, hewa yake nzito inateremka kuelekea ziwani, na juu ya maji yaliyobaki na joto pepo za kutoka pande zote zinakutana. Dhoruba inahamia kwa wavuvi. Mwaka 2016 mtafiti Wim Thiery na wenzake waliutangaza uhusiano huo: mchana wenye dhoruba kali nchi kavu unaashiria usiku wa hatari ziwani. Maana yake radi inayopiga Nyamira saa kumi jioni ni onyo kwa mashua itakayotoka Mbita usiku huo. Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za nchi za ziwa hadi 2020, ulijenga utabiri wa wavuvi kwa kutumia, pamoja na mengine, rada ya Mwanza.

Maji nayo yana safari yao. Nyakomisaro unamwaga kwenye Riana, Riana unaingia Kuja, ambao Wagusii wanauita Gucha, na Kuja unashuka kupita maporomoko ya Gogo hadi tambarare za Nyatike, Kaunti ya Migori, kabla ya kuingia ziwani. Maji yakienda kwa mita moja na nusu kwa sekunde, kama mtu anayetembea kwa haraka, kilomita 100 ni zaidi ya saa 18. Mvua ya saa tisa alasiri Kisii inaweza kumkuta mkulima wa Nyatike kesho yake asubuhi, mbingu yake ikiwa samawati, hakuna wingu, na mto unapanda.

Karibu wakati huo huo, huko milimani, mtu anafungua kipima mvua uani. Anaweka mtungi mahali palipo sawa, anainama hadi macho yake yawe usawa wa maji, anasoma, anaandika tarehe na tarakimu moja. Kisha anayamwaga maji kwenye nyasi.